Nabii kasema nimeuzika wito wangu kibandani. Je, nimechelewa?

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Mimi ni binti wa miaka 28, naishi Morogoro. Nilimaliza shahada ya ualimu miaka mitano iliyopita, ajira sijapata mpaka leo. Nimeajiriwa kwenye kibanda cha uwakala wa pesa za simu karibu na stendi ya Msamvu, na kwa mshahara huo mdogo nasomesha wadogo zangu wawili. Mwezi wa tatu kwenye mkesha nabii alinisimamisha mbele za watu akasema Mungu alinipa wito mkubwa ila nimeuzika kibandani, na mlango unakaribia kufungwa. Akasema nitoe sadaka ya kuufungua, laki moja. Mama naye anataka niende chuo cha Biblia, labda ndiyo wito wenyewe. Siku hizi silali vizuri. Nikiwa kazini najiona niko mahali pasipo pangu, kila kitu kinanichosha, hata bibi mmoja anayekuja kila mwisho wa mwezi kutoa pesa anazotumiwa na mwanawe. Alikuwa anataja namba yake ya siri kwa sauti, nikaanza kumfundisha kuzijua tarakimu abonyeze mwenyewe. Tatu ameshika, ya nne anasahau, foleni inasimama na bosi ananigombeza. Nitajuaje kusudi la Mungu kwa maisha yangu? Na je, nimechelewa?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nimesimama jikoni nangoja chai, ikachemka ikamwagika, na mama mchungaji amenisema mpaka jioni. Kwa hiyo usidhani nimekupitia juu juu.

Nianze na laki moja kwa sababu ndiyo yenye haraka. Usitoe. Kama ulishatoa, basi, imekwenda, ila usiongeze hata mia. Simoni wa Samaria alipoleta fedha ili apewe uwezo wa mitume, Petro alimjibu, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe." Mtu anayekuuzia ufunguo wa mlango wa Mungu anajipa cheo ambacho Petro mwenyewe hakukitaka.

Nabii wako simwiti mwongo, maana simjui. Paulo anawaambia Wathesalonike wasitweze unabii, na pumzi hiyo hiyo anawaambia wajaribu mambo yote, walishike lililo jema. Makanisani kwetu tumegawana mstari huo nusu kwa nusu: wengine wametweza kila unabii, wengine wamemeza kila neno bila kutafuna. Wewe utafune. Neno uliloambiwa lilikuja na vitu viwili ambavyo mimi huvitilia shaka vikiandamana, tarehe ya mwisho na bei. Ndivyo wanavyouza viwanja.

Biblia ina kisa cha nabii aliyetoa ahadi nzuri yenye tarehe. Yeremia sura ya 28. Hanania alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akatangaza kwamba katika muda wa miaka miwili Mungu atavunja nira ya Babeli na kuwarudisha mateka. Yeremia wakati huo alikuwa anatembea na nira ya mti shingoni kama ishara. Hanania akaivua ile nira akaivunja hadharani. Unaweza kuwazia vigelegele. Yeremia alikuwa ameshaitikia "Amina," akitamani kweli iwe hivyo, na nira ilipovunjwa akaenda zake. Mungu akamrudisha baadaye na neno jingine: umevunja nira za mti, mahali pake utafanya nira za chuma.

Sura inayofuata ina barua ambayo Yeremia aliwaandikia wale waliokwisha kupelekwa Babeli, waliochukuliwa pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 kabla ya Kristo. Humo ndimo ulimo ule mstari ambao nina hakika upo kwenye ukuta wa chumba chako, au kwenye kalenda ya mama, Yeremia 29:11: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Usome tena polepole. Kiswahili chetu kimetutendea wema hapa: ninayowawazia *ninyi*. Anaongea na umati. Waliosoma kwa Kiingereza hawaoni hilo, kwa sababu kwao mmoja na wengi ni neno lile lile, na ndiyo maana mahubiri mengi yaliyotafsiriwa yamegeuza mstari huu kuwa ramani ya mtu mmoja mmoja, yenye jina lako juu.

Na mstari wa 10 unasema tumaini hilo litatimia baada ya miaka sabini. Mtu wa miaka 28 aliyeisikia barua hiyo ikisomwa alipiga hesabu akajua atazikwa Babeli. Sasa aishi vipi mtu huyo? Kusudi lake liko wapi? Yeremia alishamjibu mistari michache juu: jengeni nyumba mkakae ndani yake, kapandeni bustani mkale matunda yake, oeni, mzae, na "kautakieni amani mji ule." Mji wenyewe ni ule ambao kila mmoja wao alikuwa akiamka asubuhi anajiona yuko mahali pasipo pake. Maneno yako hayo, binti yangu, nimekurudishia tu.

Nije kwenye neno wito lenyewe, maana naona limekuwa zito kuliko linavyotakiwa. Tulipokuwa watoto, mama akiita kutoka jikoni hukuuliza kwanza "unaniitia nini?" Ukiuliza hivyo ulijua kitakachofuata. Mtoto wa kike aliitika "abee", wa kiume "naam", mguu tayari uko njiani, na la kuitiwa ulilijua ukishafika: maji yameisha, au kuku wameingia kwenye mahindi. Wahenga walilisema kwa ufupi, usikatae wito, kataa neno. Kwanza uende kwa anayekuita, mengine mtazungumza mkiwa pamoja.

Siku hizi tunapenda zaidi neno "kusudi", na tofauti yake si ndogo. Kusudi unaweza kulitafuta peke yako, umejifungia chumbani, kama mtu anayetafuta funguo chini ya kitanda. Usipozipata unajiona mzembe, na akitokea mtu na tochi ya kukodisha utamlipa. Wito lazima uwe na mwenye kuita. Paulo anapowaandikia Waefeso waenende kama inavyoustahili wito walioitiwa, hataji kazi yoyote. Anataja unyenyekevu, upole, uvumilivu, kuchukuliana katika upendo. Wito wa kwanza wa Mkristo ni kuwa wa Kristo, na huo ulishaupokea. Hakuna mkesha unaoweza kukwambia umeuzika, labda kama umemwacha Yeye. Wito wa pili, yaani kazi gani, mji gani, ndoa au useja, unakaa ndani ya ule wa kwanza na unaweza kubadilika mara nyingi mtu akiwa bado yuko mikononi mwa Mungu yule yule.

Kisa cha Samweli tunakifundisha watoto wa Shule ya Jumapili na kukiishia njiani. Tunasimulia jinsi alivyoitwa usiku akamkimbilia Eli mara tatu akisema "Mimi hapa", na jinsi mzee yule mwenye macho mazito alivyotambua kuwa anayeita ni Bwana. Tunasimama hapo, watoto wanaimba. Lakini Mungu alimwambia nini Samweli? Hakumwambia habari za Samweli hata neno moja. Alimwambia habari za nyumba ya Eli, habari nzito ambazo kijana aliogopa kuzitoa. Halafu mstari wa 15: Samweli akalala hata asubuhi, akaifungua milango ya nyumba ya Bwana. Usiku amesemeshwa na Mungu, asubuhi anafungua milango, kazi aliyokuwa akiifanya jana na juzi.

Utaniuliza ni nani basi aliyetufundisha kwamba wito ni wa wachungaji na mapadre, sisi wengine tuna vibarua tu. Mzizi ni wa zamani. Kwa karne nyingi huko Ulaya mtu akisema ana wito alimaanisha anaingia utawani. Martin Luther alikuwa mmoja wao. Tarehe 2 Julai 1505, mwanafunzi wa sheria wa miaka 21, anarudi chuoni Erfurt kutoka kwa wazazi, radi ikampigia karibu kabisa na kijiji cha Stotternheim. Akaanguka akapiga kelele kwa Mtakatifu Anna kwamba atakuwa mtawa, na wiki mbili baadaye akaingia kweli. Baba yake, mtu wa migodi aliyekuwa amegharamia masomo ya sheria, alikasirika sana. (Wazazi wanaotuchagulia wito hawakuanza na mama yako.) Luther huyo huyo, baada ya miaka ya kuusoma Waraka kwa Warumi, akaja kusema kwamba mshona viatu, mama wa nyumbani na hakimu wameitwa na Mungu sawasawa na mtawa. Neno alilolitumia, *Beruf*, Wajerumani wanalitumia hadi leo kwa kazi ya mtu, na ndani yake kuna kuita. Mwaka 1522 aliandika kwamba baba akifua nepi za mtoto wake kwa imani, watu wanaweza kumcheka, lakini Mungu anatabasamu pamoja na malaika wake wote. Nimeisimulia hiyo kwenye semina za ndoa miaka mingi. Wanawake hupiga makofi, wanaume huangalia saa.

Mimi ni Mlutheri, nampenda mzee Luther, ila fundisho lake lina shimo na ni vizuri ulione. "Baki katika wito wako" ni neno zuri likisemwa na mtu kwa nafsi yake. Likisemwa na bosi kwa mfanyakazi, au na tajiri kwa kijakazi wake, linakuwa kufuli. Maneno matamu ya Wakolosai, kwamba lolote mfanyalo mlifanye kwa moyo kama kwa Bwana, waliandikiwa watumwa, na mabwana wengi kwa karne nyingi wameyasoma hayo wakaruka ya kwao, yanayowadai watende haki. Paulo mwenyewe anapowaambia Wakorintho kila mtu abaki katika hali aliyoitiwa, anaweka mlango papo hapo: mtumwa akiweza kupata uhuru, autumie. Kwa hiyo nikisema kibanda chako si kaburi la wito, usinisikie nikisema ukizeekee humo kwa mshahara huo.

Hapa ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu Biblia ina vibanda kama chako. Vinaitwa meza za ushuru. Mtoza ushuru alikaa njiani, penye mzunguko wa watu na mizigo, fedha za wengine zikipita mikononi mwake, na anayepita hakuwa na namna ya kujua kiasi halali ni kipi. Mtu wa Msamvu hahitaji kuelezwa zaidi. Injili ya Luka ina watoza ushuru watatu wa kukufaa.

Wa kwanza hawana majina. Walimfuata Yohana Mbatizaji mtoni wakauliza swali lako hasa: "Mwalimu, tufanye nini sisi?" Na Yohana, mtu wa jangwani aliyekula nzige, ambaye ungetegemea awaambie waache kila kitu wamfuate nyikani, akawajibu, "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Basi. Askari nao wakauliza, akawaambia wasidhulumu, wasishitaki kwa uongo, watoshewe na mishahara yao. Wewe unajua kuliko mimi ni njia ngapi za kutoza zaidi zilizopo kwenye kazi yako. Nimewahi kukatwa elfu moja "ya floti" ambayo haipo kwenye bango lolote. Nimemwona mama akitolewa pesa yake kwa miamala miwili pale ambapo mmoja ungetosha, makato yakaenda juu na kamisheni ikaongezeka, na mama akashukuru. Kama miaka yote hiyo hujamfanyia mtu hivyo, na kwa mshahara huo ungekuwa na sababu, basi jibu la Yohana ulishalitekeleza bila kujua kuwa ulikuwa umeuliza.

Wa pili ni Lawi. Yesu alimkuta ameketi forodhani, akamwambia nifuate, akaacha vyote akaondoka. Wa tatu ni Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru wa Yeriko, na yeye alishushwa mkuyuni kwa jina lake. Akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Luka hasemi kwamba aliacha kazi. Wote wawili waliitwa na Yesu yule yule, kazi yao moja, mmoja akaondoka mezani na mwingine kwa kadiri tunavyosoma akabaki nayo, meza ikiwa imebadilika. Kama kungekuwa na kanuni kwamba wito mkubwa ni kuondoka, au kwamba uaminifu ni kubaki, Luka angechagua mmoja atusimulie.

Sasa, wewe ni Lawi au Zakayo? Sijui, na nabii wa dakika mbili hawezi kujua. Ila nakueleza ninavyowasaidia wanaonijia na swali hili.

Mlutheri nikimsifu Mjesuiti wazee wangu wanisamehe. Mwezi Mei 1521, wiki chache tu baada ya Luther kusimama mjini Worms mbele ya Kaisari kutetea mafundisho yake, askari mmoja wa Kihispania, Ignatius wa Loyola, ambaye baadaye alianzisha shirika la Kikatoliki la Wajesuiti, alivunjwa mguu na mzinga kwenye vita vya Pamplona. Alilala kitandani kwao miezi. Akaomba aletewe hadithi za mashujaa wa farasi na panga, hazikuwepo. Akaletewa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Kitandani pale akawa anaota ndoto za mchana za aina mbili. Nyingine za kujipatia sifa vitani na kumpendeza bibi mmoja wa hadhi ya juu, nyingine za kuishi kama Fransisko wa Asizi. Zote mbili zilikuwa tamu wakati anaziota. Tofauti ilikuja baadaye. Za kwanza zikiisha zilimwacha mkavu, za pili zikiisha zilimwacha na amani iliyoendelea. Akaanza kuangalia yale yanayobaki moyoni baada ya wazo kupita. Kutokana na hapo alitengeneza mafunzo ambayo Wajesuiti wanayatumia mpaka leo, pamoja na kanuni moja ambayo nakuomba uishike mwaka huu: ukiwa katika giza na ukavu wa moyo, usibadili uamuzi uliofanya ulipokuwa na nuru. Usiamue chuo cha Biblia, wala kuacha kazi, wala kuolewa, katika mwezi ambao hulali.

Fanya hivi. Kibandani una daftari la miamala. Nunua jingine dogo. Usiku kabla ya kulala andika mambo mawili, moja lililokuacha na uhai siku hiyo na moja lililokukausha. Usiandike lile lililokufurahisha, andika lile lililokuacha na uhai, hata kama lilikuchosha. Mstari mmoja mmoja, wiki sita. Usiyatafsiri njiani. Wiki ya sita ikiisha yasome yote kwa mkupuo, halafu mpelekee mtu anayekufahamu, ambaye hana la kupata kutokana na jibu lako. Samweli alihitaji Eli, na Eli hakuwa mtu mkamilifu, lakini alikuwa amekaa na kijana yule miaka na aliijua sauti.

Ninashuku utakachokikuta, na nitakwambia kwa nini. Uliniandikia malalamiko mengi na katikati yake ukatia lile la bibi, kama moja ya yanayokuchosha. Binti yangu, kibanda hakikuajiri kumfundisha mtu tarakimu. Njia nyepesi ilikuwa ataje namba, ubonyeze wewe, foleni iende. Ungeweza pia kumwibia. Badala yake, bosi akiwa anakugombeza, umesimama na bibi ambaye kila anachotumiwa na mwanawe kiko nyuma ya namba ambazo hazijui, unamrudishia ufunguo wa nyumba yake. Nchi hii iliwahi kuutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, tukakaa chini ya miembe kufundisha wazee kusoma na kuandika, mimi nikiwa kijana mdogo nashika taa ya chemli ili mwalimu aone ubao. Nilichokiona usiku ule kwenye uso wa mzee aliyeandika jina lake mara ya kwanza ndicho nilichokiona katika mstari wako wa bibi. Aliyesomea ualimu akakosa darasa, ualimu humtoka hata kwenye tundu la kibanda.

Hiyo haimaanishi uridhike. Kila tangazo la ajira likitoka, omba. Uliza shule binafsi. Jumamosi jioni chukua watoto wanne wa jirani uwafundishe hesabu, kwa ada ndogo au bure mwezi wa kwanza, uone mkono wako bado upo. Waulize usharikani kama Shule ya Jumapili wana upungufu; sijawahi kusikia usharika usio nao. Wito wa pili mara nyingi hujulikana kwa kujaribiwa, na jaribio la watoto wanne ni la bei nafuu kuliko laki moja. Bezaleli, mtu wa kwanza ambaye Biblia inasema amejazwa roho ya Mungu kwa ajili ya kazi, alijazwa ili achonge, afue dhahabu na kukata vito. Na huwezi kuniambia alikuwa hajawahi kushika patasi kabla ya hapo.

Kuhusu mama. Anakutakia mema, na mzazi akiona mtoto amekaa miaka mitano na shahada kabatini, chuo chochote kinafanana na mlango. Nitakuambia jambo ambalo silisemi mara nyingi. Mimi nilienda chuo cha theolojia kwa sababu nilikuwa nimekosa nafasi mahali pengine na baba alikuwa mzee wa kanisa. Miaka miwili ya mwanzo nilihubiri kama anayesoma risiti. Mwaka wa tatu nilitumwa kwenye msiba wa mtoto kijijini, mchungaji mwenye zamu alikuwa anaumwa, nikajikuta nimekaa kwenye mkeka na baba wa marehemu usiku kucha bila neno la kusema, na alfajiri akaniambia nisiondoke. Nadhani niliitwa usiku ule. Mungu alininyoosha, ila wenzangu watatu walioingia kwa mlango kama wangu hawakunyooka, na sharika walizopewa zililipa. Kwa hiyo mwambie mama kwa heshima kwamba chuo hukikatai, unakisubirisha. Mwambie utalijibu swali hilo baada ya wiki sita na daftari mkononi. Mama akiona tarehe hutulia.

Na wadogo zako wawili. Umewataja kwa haraka, kana kwamba ada yao ni kitu kinachokuzuia kuufikia wito. Sehemu ya wito ndiyo hiyo, na Paulo kwa Timotheo ni mkali sana juu ya asiyewatunza wa kwake. Lakini kaa nao, muwekeane ukomo, mkubwa akimaliza shule naye aanze kushika upande wa mdogo. Nimewazika kina dada waliosomesha ukoo mzima na hakuna aliyewahi kuwauliza wao walitaka nini. Mungu sidhani kama alifurahi.

Kuna jambo moja ambalo sitalichukulia kiroho. Kutolala, kuchoka kila kitu, kujiona huna mahali. Kama hali hiyo imezidi wiki mbili, na hasa kama chakula hakipandi au mawazo ya kutotaka kuishi yanakujia, nenda hospitali ya mkoa uonane na daktari, umweleze hivyo hivyo ulivyonieleza. Mikesha pumzika kidogo. Eliya alipotamani kufa chini ya mretemu, malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena, na mazungumzo juu ya kazi yake yalikuja baada ya safari ya siku arobaini.

Umeuliza kama umechelewa. Kuchelewa kunahitaji basi moja tu lenye saa moja ya kuondoka, kama pale mbele ya kibanda chako. Paulo alitaka kuhubiri Asia, akazuiwa na Roho; akajaribu Bithinia, akazuiwa tena; akashuka Troa, na kwa kadiri Luka anavyosimulia hakuwa na njia nyingine mkononi. Makedonia ilikuja usiku, katika maono, mtu mmoja amesimama anamsihi avuke aje awasaidie. Hakuna mahali anapolaumiwa kwa Bithinia.

Msalimie mama. Na bibi akija mwisho wa mwezi huu, niandikie kama ameikumbuka ile tarakimu ya nne. Usiniambie ni ipi.